Tuijue maana ya "interest" kabla ya kutia saini



Ndugu wasomaji, kila lugha ina maneno yanayobeba maana nyingi kwa umbo moja. Kiswahili chetu kina "kaa", ambaye ni mnyama wa ufukweni, ambalo ni kipande cha moto jikoni, na ambalo pia ni amri ya kuketi. Hakuna anayepotea, kwa kuwa neno hilo tumekua nalo. Hatari huanza pale neno la namna hiyo linapotujia katika lugha tuliyojifunza darasani, tena likiwa ndani ya karatasi inayosubiri saini. Juma hili tumekusudia kulitazama neno moja la Kiingereza, "interest", kwa sababu limo katika karatasi nyingi zinazoingia majumbani mwetu, na kulifahamu nusu kunaweza kuigharimu familia mali yake na dini yake.

Maana ya kwanza ni hamu au mvuto wa moyo. Mwalimu huandika katika ripoti kuwa mtoto ana "interest" katika hisabati, nasi tukafurahi. Hii ndiyo maana ambayo watoto wetu hufundishwa mwanzo, na wengi wao ndiyo pekee wanayoondoka nayo shuleni.

Maana ya pili ni maslahi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na kwa Kiingereza maslahi hayo huitwa kwa neno hili hili. Basi mzazi anayeliona katika fomu ya malezi au ya shule asishtuke akadhani ameletewa riba.

Maana ya tatu ni haki au fungu la mtu katika mali. Katika lugha ya wanasheria, mwenye "interest" katika nyumba au kiwanja ni yule mwenye haki juu yake: mmiliki, mrithi, mke au mume, hata mkopeshaji aliyewekewa rehani.

Maana ya nne ndiyo riba, nyongeza inayotozwa juu ya fedha iliyokopeshwa.

Hebu tuone jinsi maana hizi zinavyoweza kugongana. Alifika katika ofisi ya msikiti mama mmoja mjane, aliyekuwa amemaliza eda yake, akiwa na karatasi ya Kiingereza aliyoletewa na jamaa wa marehemu. Ilisema kwamba yeye hana "interest" katika kiwanja kilichotajwa. Mwanawe, aliyekuwa kidato cha pili, alimfasiria kwa uaminifu kadiri ya elimu yake: "Mama, wanasema huna hamu na kiwanja." Mama akajibu kuwa ni kweli, hana hamu na ugomvi wa kiwanja, akaomba kalamu. Kilichomzuia ni jirani yake aliyemshauri apite kwanza msikitini.

Tulimweleza kuwa karatasi ile haikuwa ikiuliza habari za moyo wake. Ilikuwa ikitamka kwamba hana haki yoyote katika mali ile, ilhali Mwenyezi Mungu, katika aya ya 12 ya Suratun-Nisaa, amemwekea mjane ambaye mumewe ameacha watoto fungu la thumuni, yaani 1/8. Hatuwezi kusema aliyeiandika alikusudia nini, kwani nia anaijua Allah. Lakini saini moja ingeweza kumtoa mama yule katika fungu alilopewa na Mola wake, naye akidhani ameepusha ugomvi tu. Karatasi ilirudishwa bila saini, na familia ikakubali kuketi na kugawa mirathi kwa utaratibu.

Sasa tuiangalie riba yenyewe, kwani ina historia inayofaa kuzingatiwa. Katika Ulaya ya zama za kati, Kanisa lilikataza nyongeza juu ya mkopo, iliyoitwa kwa Kilatini "usura". Wanasheria wa huko wakaweka mlango mwembamba: mkopeshaji aliyepata hasara kwa kucheleweshewa deni lake angeweza kulipwa fidia, nayo wakaiita "interesse", neno lenye asili ya kuwa baina ya vitu viwili au kuleta tofauti. Taratibu mlango ule ukapanuka, hata nyongeza inayohesabiwa tangu siku ya kwanza ya mkopo ikaingia chini ya jina la fidia. Huko Uingereza, mwaka 1545, katika enzi ya mfalme Henry VIII, sheria iliruhusu nyongeza isiyozidi 10%. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1552, kisha ikarejeshwa mwaka 1571. Jina kali likabaki kwa nyongeza iliyokithiri peke yake, na jina laini likachukua nafasi yake sokoni.

Mwendo huo haukuishia Ulaya. Katika Kiarabu cha leo, benki nyingi huiita nyongeza hiyo "faida", neno ambalo sisi tunalitumia kwa pato halali la muuzaji. Nasi hapa Tanzania tunasikia matangazo ya "mkopo nafuu" na "mkopo wa haraka". Watu wa mtaani, waliokwisha kuchukuliwa makochi na majokofu yao, ndio walioipa mikopo hiyo jina linalosema kweli: kausha damu.

Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kutuwekea kanuni juu ya jambo hili: katika mikataba huzingatiwa makusudio na maana, wala hayazingatiwi matamko na maumbo ya maneno peke yake. Kanuni hii ni ya tatu katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876. Kwa kanuni hiyo, fedha iliyokopeshwa kwa sharti la nyongeza ni riba, iitwe ada, faida au shukrani. Na kanuni inakata pande zote mbili: karatasi yenye jina la Kiarabu, kama murabaha, haiwi halali kwa jina. Tuulize je, kuna bidhaa iliyonunuliwa kweli na kumilikiwa kabla ya kuuziwa sisi, au ni mkopo uliovishwa kanzu?

Hata kwa hesabu, neno hili linaficha mengi. Chukua mkopo wa shilingi 500,000 ambao karatasi yake inasema "interest 10%" bila kutaja muda. Ikiwa ni kwa mwaka, nyongeza ni 50,000. Ikiwa ni kwa mwezi, kwa miezi 12 nyongeza ni 600,000, zaidi ya mkopo wenyewe. Hatusemi haya kwa kutafuta riba iliyo ndogo tuihalalishe, kwani aya ya 275 ya Suratul-Baqara imekwisha kutenga biashara na riba. Tunayasema ili baba au mama wa familia aone anachotia saini.

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni. Inamtaka mwandishi awe mwadilifu, na inaelekeza kwamba asiyeweza kuisema haki yake mwenyewe, basi msimamizi wake aiseme kwa uadilifu. Iwapo Allah amelipa jambo hili aya ndefu kiasi hicho, haitustahikii kulimaliza kwa dakika mbili mlangoni, na mtoto wa shule ndiye mkalimani.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo manne. Kwanza, ombeni karatasi iandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Pili, karatasi ya Kiingereza ilale nyumbani, na ipelekwe kwa wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kutiwa saini. Tatu, nyumba ya familia isiwekwe rehani kwa siri, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Nne, mwenye kudai amkumbuke ndugu yake aliyebanwa, ampe muda, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 280.

Na watoto wetu wanaosoma Kiingereza tuwafundishe jibu moja la heshima: "Mama, maana ya neno hili hapa siijui vizuri, tukamuulize anayejua." Mtoto aliyeweza kusema hivyo ameilinda nyumba yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.