Kamati Isivunjwe Siku ya Harusi

Ndugu zangu wa Kimara na Moshi,

Kadi ya mchango imenifikia huku Hamburg: mtu mmoja 50,000, wawili 100,000, na chini yake mmeandika kwamba ndugu wa nje "wanajijua". Tunajijua. Ila kabla sijajibu, bwana harusi mwenyewe akanipigia pembeni. Mwanawe anaanza darasa la kwanza, bado sare, viatu, madaftari, rimu ya karatasi na mfagio wa chelewa, naye hana kitu.

Jamani! Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu, mhazini, na bajeti inayotaja mpaka soda za wapiga picha. Bajeti ya mtoto nani amewahi kuiona? Mnasema mtoto huja na sahani yake. Sawa, na cha kuweka kwenye sahani anakuja nacho nani?

Msinitajie elimu bure. Ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha sita, lakini kilichofutwa ni ada. Nauli ya daladala na tuisheni hakuna aliyezifuta. Tena Januari haimvizii mtu. Hutanguliwa na Desemba, ile mnayopanda mabasi kwenda Moshi kuhesabiwa na kurudi mikono mitupu.

Huku, mwaka 2025, serikali ilikuwa inatoa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Na bado mwenzangu wa kazini, mjamzito, alikuwa anakaa na kalamu wakati wa chai akijumlisha nepi, kitanda na miezi atakayokosa mshahara kamili. Iliniuma. Wanaopewa wanapiga hesabu, sisi tusiopewa tunapiga vigelegele.

Basi nasema, hata mkinitoa kwenye kundi: kamati isivunjwe siku ya harusi. Theluthi ya michango ikatwe kabla ukumbi haujalipiwa, iwekwe kwenye akaunti ambayo maharusi hawaigusi. Mhazini awe shangazi wa Mbezi, ambaye hata mumewe hajawahi kumkopa akafanikiwa. Mimba ikiingia, kikao kiitwe: kliniki, kujifungua, bima ya mtoto, dada wa kumlea mtoto mama akirudi kazini. Kila aliyechangia harusi aendelee na elfu tano kwa mwezi, basi. Mtoto akifika darasa la kwanza, hakuna wa kupigiwa simu usiku. Ndafu? Awe mmoja. Ni mtamu, sibishi, lakini watu wakishaingia kwenye muziki nusu yake hulala mezani.

Mtasema ni rahisi kuongea ukiwa Ulaya. Pengine. Homa za wajukuu anazikesha mama, mimi natuma hela na kuuliza wameamkaje. Ndiyo maana natuma hata nikiwa nimewakasirikia.

Mchango wangu ni laki moja. Hamsini ameshapokea mhazini wenu, hamsini iko kwa shangazi kwa jina la mtoto. Kikao cha Jumapili kianze na hilo, rangi za mapambo zifuate.