Mpaka wa Nchi Usiwe Mpaka wa Lugha

Agosti mwaka jana tulitoka Mombasa walimu sita kwa pikipiki, tukavuka Likoni, tukaishika barabara ya Lunga Lunga na kuingia Tanga kupitia Horohoro. Mwenyeji wetu alituuliza iwapo tulikipata kivuko mapema. Mwenzetu, mwalimu wa shule ya upili, akamjibu kuwa kivuko ni mahali, hakihami. Kinachosubiriwa ni feri. Tulicheka sote. Usiku, hata hivyo, alikiri kwamba amewahi kumpunguzia mwanafunzi alama za insha kwa kuandika "ofisi" badala ya "afisi".

Hapo ndipo penye kasoro. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ili vitabu visomeke katika nchi zetu zote. Haukukusudia kumpa mwalimu rungu. Kusahihisha kosa ni wajibu wetu, lakini neno la jirani si kosa. Mwanafunzi na aelezwe tofauti iliyopo, kisha aachiwe alama yake. Nawasihi walimu wenzangu walikumbuke hilo washikapo kalamu nyekundu.