ABIRIA WA MPANDA SI GUNIA LA MPUNGA!

Kijana mwenzangu, tuambizane ukweli bila kuumauma maneno. Nauli ya basi ina bei halali iliyopangwa kwa mujibu wa sheria za nchi, wala haitoki kinywani mwa mpiga debe. Lakini nenda stendi yoyote ya mkoani Desemba inapokaribia Krismasi, au Januari wanafunzi wanaporudi shule, uone maajabu. Nauli ya jana leo haipo. Imepandishwa na nani? Tangazo halipo, barua haipo. Yupo bwana mmoja mwenye kofia na kitabu cha tiketi, huyo ndiye bunge na ndiye mahakama. Ukihoji unaambiwa upande au uache. Nawe, kwa kuwa mama anakusubiri nyumbani, unapanda.

Sasa tujiulize. Abiria wa Mpanda amezoeaje kuonewa kiasi hiki mpaka anaona ni kawaida?

RELI YA RISASI, SI YA WATU

Jibu linaanzia mbali. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210, ilifika mwaka 1950. Usidhani Mwingereza alikuwa amewaonea huruma Wabende, Wakonongo au Wapimbwe. Alifuata madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa Mpanda. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na wananchi wakairithi kama mtu anavyorithi koti la marehemu: halikukatwa kwa kipimo chake, lakini baridi inapiga, atafanyaje?

Kwa miaka mingi koti lilikuwa hilo hilo. Masika yakikolea na barabara ya vumbi ikageuka tope, treni ndiyo ilikuwa mama na baba. Mgonjwa wa rufaa, gunia la mpunga na mwanafunzi wa bweni, wote wamo. Daraja la tatu watu wamebanana, mwingine amelala kwenye korido, mwingine amekaa juu ya mzigo wa mwenzake. Na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kulalamika. Mwenye mlango mmoja hana hiari na bawabu.

Kisha wakubwa wakaleta mwekezaji. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES kutoka India, ikiwa na hisa asilimia 51, Serikali ikabaki na 49. Tukaambiwa sasa mambo yatakuwa mswano. Mkataba wa miaka 25 haukutimiza hata mitano. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipokata reli kati ya Kilosa na Gulwe, shirika lilikuwa tayari hoi. Serikali ikairudisha reli mikononi mwake, na mwaka 2017 sheria mpya ikaunda upya Shirika la Reli, TRC.

Katika vurugu zote hizo, ni nani alimuuliza abiria wa Mpanda? Mkataba ulitiwa saini bila yeye na ukavunjwa bila yeye. Safari zilipopungua, aliyekesha stesheni na watoto ni yeye.

Na msinieleze habari ya kukosa mtu wa kutusemea. Kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015 Waziri Mkuu wa nchi hii alikuwa Mheshimiwa Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima, mwana wa huku huku. Mwaka 2012 tukapata Mkoa wa Katavi, ukamegwa kutoka Rukwa. Tukashangilia, na haki yetu. Lakini lami ya kwenda Tabora haikukamilika mpaka yeye alipokuwa ameshaondoka katika kiti. Kuwa na mkubwa wa kwenu ni jambo moja, kuwa na haki ni jambo jingine.

LAMI IMEFIKA, HAKI BADO

Leo lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda ipo. Ilizinduliwa Mei 2022, inakaribia kilomita 340. Asiyeshukuru kwa hilo ni mchoyo wa fadhila. Mabasi yamekuja, na tangu Serikali ilipoondoa mwaka 2023 marufuku ya mabasi kutembea usiku, safari zimeongezeka nchini kote.

Lakini lami haijui nauli. Tuchukue kalamu, tupige hesabu. Tangazo la LATRA la nauli zilizoanza Desemba 2023 lilisema basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami litoze shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria mmoja. Daraja la kati, shilingi 67.84. Zidisha mwenyewe kwa kilomita 340. Daraja la kawaida unapata chini kidogo ya shilingi 16,500. Daraja la kati unapata kama shilingi 23,000. Viwango vikibadilishwa, chukua kiwango kipya uzidishe vile vile.

Umeona, ndugu yangu? Hiyo ni hesabu ya darasa la tano. Haihitaji wakili wala digrii ya Mlimani. Ukitajiwa bei inayopita hapo kwa mbali, uliza maswali mawili: basi hili ni daraja gani, na njia hii ina kilomita ngapi? Basi lisilo na sifa za daraja la kati haliwezi kudai nauli ya daraja la kati kwa sababu tu limepakwa rangi mpya na kubandikwa televisheni mbele.

Kuna na ule mchezo mwingine. Unakatiwa tiketi ya Mpanda hadi Dar es Salaam, umelipa yote. Mkifika Tabora mnashushwa: gari linaishia hapa, mtaunganishiwa jingine. Hilo jingine linafika limejaa, unasimama kutoka Tabora hadi Manyoni. Ulinunua kiti, umepewa kichuma cha kushikilia! Dukani mtu akikuuzia kilo ya sukari akapima nusu, unamwita mwizi. Kwa nini wa stendi unamwita "bosi"?

Na mwendo? Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo Mpanda hadi Tabora, hata bila kusimama popote, ni zaidi ya saa nne. Dereva anayekufikisha kwa saa tatu hajakusaidia. Amecheza kamari kwa roho yako, na wewe ndiye uliyenunua tiketi ya mchezo huo.

ANGANI NA ZIWANI NAKO

Wenye uwezo watasema wao hupanda ndege. Sawa. Lakini ndege aina ya Q400 ina viti 76 tu, na abiria wa Mpanda hana foleni ya mashirika ya kuchagua. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ilisimamisha ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini, ratiba zikayumba. Injini kuharibika si dhambi. Ila abiria wa mji mkubwa safari ikifutwa ana basi, ana treni, ana shirika jingine jioni hiyo hiyo. Wa pembezoni anarudi nyumba ya wageni kuhesabu senti zake.

Na ziwani? MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ilibeba watu wa mwambao wa Tanganyika kwa vizazi. Bandari ya kisasa ya Karema ilipokamilika, Liemba ilikuwa imesimama. Gati jipya, meli hakuna! Ni kama kununua sufuria ya pilau siku uliyoishiwa mchele.

Ugonjwa ni ule ule. Wakubwa wetu wanapenda kuzindua saruji na lami kwa sababu hupigwa picha. Huduma haipigwi picha. Hakuna utepe wa kukata siku abiria aliporudishiwa nauli yake.

NANI ANAMTETEA ABIRIA?

Kwenye karatasi watetezi wapo. Ipo LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Lipo baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC. Kwa upande wa ndege lipo la TCAA. Lakini simama pale Makanyagio au Nsemulwa, uliza vijana kumi: nani amewahi kulisikia baraza hilo? Mtetezi asiyejulikana na mteja wake ni mtetezi gani?

Halafu kuna jambo la faini. Basi likikamatwa limezidisha nauli, linatozwa faini, na faini inaingia serikalini. Aliyeibiwa ni abiria! Tunachodai ni hiki: kwanza abiria warudishiwe chao, hapo hapo, mbele ya wote, ndipo Serikali ichukue faini yake. Siku mwenye basi atakaporudisha fedha kwa watu hamsini wanaomtazama, hatasahau.

Wenye mabasi nao wana lao. Wanasema dizeli iko juu, vipuri ghali, na basi likijaa kwenda Dar hurudi nusu tupu. Tunawasikiliza, si waongo. Lakini mlango wa kupeleka hoja hiyo upo. Nauli za Desemba 2023 zilipanda kwa njia hiyo hiyo, baada ya wadau kukaa na kusikilizwa. Anayepita dirishani wakati mlango uko wazi tunamwita jina gani?

KIJANA, SHIKA TIKETI YAKO

Kwanza, usipande bila tiketi yenye jina lako, tarehe, namba ya gari na nauli kamili uliyolipa. Ukilipa ishirini na tano ukaandikiwa kumi na sita, hiyo ni karatasi ya kumlinda mwizi. Pili, ukizidishiwa, piga simu LATRA kabla gari halijaondoka. Wana namba za kupiga bure. Tatu, msilalamike mmoja mmoja. Abiria mmoja akisema ni mkorofi, abiria thelathini wakisema ni sheria.

Na wewe unayepiga debe, nina neno nawe, kwa kuwa najua unalisoma gazeti hili ukimsubiri abiria. Hatukuchukii, unatafuta riziki. Lakini pima. Nauli ikizidishwa, sehemu kubwa inakwenda kwa tajiri, wewe unaambulia ya soda. Na yule mama mwenye kitenge unayemkaripia ashike kiti haraka ni mama wa kijana mwenzako, anayemkaripia mama yako katika stendi nyingine. Mnaibiana wenyewe kwa wenyewe, tajiri amelala.

Mgombea akija tena na wimbo wa reli mpya na meli mpya, mpigie makofi, kisha muulize: nikizidishiwa nauli leo jioni, nani atanirudishia, na lini? Akijibu kwa tarehe na kwa jina la ofisi, mfikirie. Akianza kuimba upya, mwache aondoke na basi lake.