JINA LA FUNDI WA SAUTI LIKO WAPI?

Ndugu wafanyakazi,

Wageni wenye kamera wafikapo Malindi na Kilifi, wenzetu huitwa mbiombio. Huyu aendeshe gari, huyu afasiri Kigiriama, huyu abebe mizigo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023, maiti za Shakahola zilipofukuliwa. Habari ilienea duniani kwa jina la mwandishi. Sisi hatukutajwa, na wengine wetu fedha ya siku ya mwisho twaidai hata leo.

Je, twawaonea wivu waandishi? Hasha! Twaijua kazi ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Unguja. Mwaka 1984 serikali ya Mengistu ilisherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake huku watu wa Korem wakifa kwa njaa. Amin akapiga picha, Michael Buerk wa BBC akasimulia, na mwezi wa Oktoba dunia ikaamka. Mtawala dhalimu aweza kuyafunga magazeti ya nchini mwake. Picha iliyokwisha vuka mpaka haiwezi. Hiyo ni kazi ya heshima.

Lakini tarehe 4 Juni 1991, siku chache baada ya Mengistu kukimbia, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Mwenzake, fundi wa sauti John Mathai, Mkenya, aliuawa. Amin alitiwa mkono wa bandia akarudi kazini, mpaka alipokufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazidja. Sifa zake zimeandikwa vitabuni, na ni haki yake. Nani kati yetu alilijua jina la Mathai? Na Anthony Macharia, fundi wa sauti aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993 pamoja na wapiga picha watatu, nani amkumbuka?

Bomu halimwulizi mtu cheo chake. Mbona malipo na sifa huuliza?

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Katika nchi ya utawala wa mabavu mwandishi akimaliza hupanda ndege. Mkalimani hubaki, na askari hujua mlango wake. Maneno ni ya mgeni, adhabu ni ya mwenyeji.

Kwa hiyo twasema wazi:

1. Mapatano yaandikwe kabla gari halijawashwa.
2. Bima ya dereva, mkalimani na fundi iwe sawa na ya mwandishi.
3. Jina la mfanyakazi litajwe akitaka, na lifichwe akiona hatari.

Asiyekubali haya atafute njia ya kwenda porini peke yake.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na apone kweli!

UMOJA NI NGUVU.