Ruzuku Isiishie Dukani: Balbu, Jiko na Pafu la Mtoto wa Hasamba

Katika nyanda za juu za wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, ambako ndiko iliko kata ya Hasamba, jiko la kuni lina kazi mbili. Hupika chakula, na katika baridi ya Juni na Julai hupasha nyumba joto. Katika miezi hiyo mlango hufungwa mapema, mtoto hulazwa karibu na moto, na moshi hukosa pa kutokea. Mtoto huyo anapofikishwa zahanati akiwa na kikohozi na mbavu zinazobonyea kila anapovuta hewa, mhudumu hutibu nimonia, naye hufanya vyema. Hata hivyo, jiko lililomsubiri mtoto nyumbani halimo katika faili lake.

Linapaswa kuwamo. Na mipango ya serikali inayopunguza bei ya majiko, mitungi ya gesi na vifaa vya umeme inapaswa kupimwa kwa swali ambalo daktari hulipima tiba yoyote: je, mgonjwa aliitumia dawa, na kwa muda gani? Hadi sasa mipango hiyo huhesabu vifaa vilivyouzwa. Mapafu hayahesabu vifaa, huhesabu pumzi.

Madhara yenyewe yanajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, serikali yenyewe hutaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia. Moshi wa kuni na mkaa hubeba chembe ndogo zinazofika hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto huambatana na nimonia. Kwa mwanamke aliyepika miaka thelathini juu ya mafiga huambatana na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wengi huuita pumu ya uzeeni, na pia na mtoto wa jicho, maradhi ya moyo na kiharusi.

Kibatari nacho kisisahauliwe. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa mafuta ya taa yasitumike majumbani kama nishati. Masizi yake huvutwa na mtoto anayesoma akiwa ameinamia mwanga; moto wake huunguza; na mafuta yenyewe, yanapowekwa katika chupa ya soda, hunywewa na mtoto mwenye kiu. Mafuta hayo huteleza kuingia mapafuni na kuyaunguza. Mzazi asimtapishe mtoto wa namna hiyo, wala asimnyweshe maziwa ili “kuua sumu”. Ampeleke kituo cha afya mara moja.

Serikali haijalala. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umetangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na gharama ya kuunganishiwa kijijini imewekwa kuwa shilingi 27,000. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. REA ikaandaa mitungi ya gesi ya kilo 6 ipatayo 452,445 kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei, sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Huo ni mwanzo unaostahili pongezi. Lakini Mbozi ni wilaya yenye watu wapatao nusu milioni. Mitungi 3,255 haiwezi kuwafikia wote, na kwa hiyo swali la nani aupate kwanza lina uzito sawa na swali la bei.

Zaidi ya hapo, mtungi hununuliwa mara moja, lakini gesi hununuliwa daima. Kujaza mtungi wa kilo 6 kwa kawaida huvuka shilingi 20,000. Kwa mkulima wa kahawa ambaye fedha humjia kwa msimu, kiasi hicho hupatikana baada ya mauzo na kuadimika miezi inayofuata. Mtungi husukumwa pembeni, mafiga huwashwa, na takwimu ya wilaya huendelea kuihesabu kaya hiyo kuwa imevuka. Hali hii ni sawa na ya mgonjwa wa kifua kikuu aliyepewa dozi ya wiki mbili na kuandikwa kuwa amepona.

Hapa utafiti unadai ukweli usiopambwa. Nchini Malawi, katika maeneo mawili likiwamo Chilumba wilayani Karonga, si mbali na mpaka wa mkoa wa Songwe, watafiti waligawa majiko yaliyoboreshwa yanayotumia kuni na yenye feni inayochajiwa kwa sola, kisha wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 yalionyesha kuwa nimonia haikupungua. Watafiti wengine walikwenda mbali zaidi: katika Guatemala, India, Peru na Rwanda waliwapa wajawazito wapatao 3,200, nusu yao, jiko na gesi bure kwa miezi 18. Moshi waliovuta ulipungua sana; hata hivyo, taarifa ya 2024 ilisema nimonia kali kwa watoto wao wachanga haikupungua kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa.

Matokeo hayo yasitumiwe kutetea moshi. Kupungua kwa kikohozi cha mpishi, kwa kuwashwa macho, kwa majeraha ya moto na kwa mzigo wa kuni kichwani ni faida ambazo mwanamke hazisubirii jarida kuzithibitisha. Lakini yanatoa somo mbili. La kwanza, mtoto huvuta pia moshi wa jirani, wa takataka zinazochomwa na wa vumbi la barabara. Kaya moja iliyobadilika katikati ya mafiga kumi haijatoka katika moshi. La pili, jiko lililo bora kidogo, linalotumika siku moja na kuachwa siku mbili, halitoshi. Hivyo ruzuku inayoishia dukani imekata tiba katikati.

Nini basi kinachoweza kuifanya kaya ya Hasamba idumu na nishati safi? Jibu moja limo katika kitu kidogo ambacho mipango ya kupikia hukipita bila kukitazama: balbu.

Mteja wa umeme wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, bila kuhesabu kodi na tozo, mradi matumizi yake yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja. Wastani wake ukivuka kiwango hicho, huangukia kundi la matumizi ya kawaida, ambalo hulipa shilingi 292 kwa uniti zote tangu ya kwanza. Sasa ichukuliwe kaya ya mfano yenye balbu tatu za zamani za wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi zitakula uniti 27. Kaya hiyo ikihamia kwenye umeme kwa kupika, na mapishi yake yakala uniti mbili kwa siku, jumla itakuwa 87. Mwezi wa kuvuka italipa shilingi 11,700. Ikihamishiwa kundi la juu, italipa zaidi ya 25,000. Mama atarudi kwenye kuni kabla ya mwezi wa tatu, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Balbu hizo tatu zikibadilishwa kwa za LED za wati 9 kila moja, mwanga utabaki uleule nazo zitakula uniti nne tu kwa mwezi. Jumla ya kaya itashuka hadi 64, na gharama itakuwa shilingi 6,400. Balbu tatu zimetofautisha kaya inayoweza kupika kwa umeme na ile isiyoweza. Na pale ambapo chakula kikuu ni maharage yanayochemka saa nyingi, sufuria ya umeme ya presha ndiyo inayookoa zaidi, kwa kuwa hufunga joto ndani na kujikata yenyewe. Chungu cha maharage kwa kawaida hakifikishi hata uniti moja.

Afrika Mashariki imewahi kugawa balbu. Mwaka 2007, baada ya maji ya Ziwa Victoria kupungua na umeme kuwa adimu, Uganda iligawa bure balbu 800,000 zinazobana matumizi. Lengo lilikuwa kuunusuru mtambo wa umeme, nalo lilikuwa lengo halali. Balbu za wakati ule, hata hivyo, zilikuwa na zebaki kidogo ndani yake, ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kuziondoa sokoni aina zake nyingi ifikapo 2025. LED haina zebaki na bei yake imeshuka. Sasa upo uwezekano wa kugawa balbu kwa lengo lingine: kuupa umeme nafasi ya kupika.

Kwa hiyo mambo matatu yanastahili kudaiwa. Kwanza, kila kifurushi cha ruzuku ya jiko kiambatane na balbu za LED kwa kila chumba chenye taa. Pili, Wizara ya Nishati na EWURA ziifikirie upya mipaka ya uniti 75, ili kaya iliyothibitika kupika kwa umeme isiadhibiwe kwa kuacha kuni; nayo ruzuku ya gesi igawanywe, sehemu iende kwenye mtungi na sehemu kwenye ujazaji wa mwaka wa kwanza. Tatu, mgawo usiwe wa anayewahi foleni akiwa na fedha mkononi. Kliniki ya mama na mtoto inawajua wajawazito na watoto wa kila kitongoji. Kliniki ya kifua inawajua wazee wanaohema. Orodha hizo, kwa ridhaa ya wenyewe, ndizo zingepaswa kutangulia.

Yupo atakayesema kuwa hazina ya taifa haina fedha ya kulipia uniti za kila mpishi. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kitanda cha mtoto mwenye nimonia, oksijeni yake, dawa zake na siku za mama yake zilizopotea shambani vinalipiwa tayari, sehemu na serikali na sehemu na kaya yenyewe. Anayelipa bili ya pili hana budi kuuliza kama ingekuwa nafuu kulipa ya kwanza. Yupo pia atakayesema umeme hukatika. Ni kweli, na ndiyo sababu gesi na umeme havishindani: kimoja ni akiba ya kingine, na vyote viwili vitangulie mafiga. Kwa saa za giza, taa ndogo ya sola ina usalama kuliko kibatari.

Lakini baridi ya Mbozi haitatibiwa na sufuria ya presha, kwa kuwa sufuria hiyo haipashi nyumba joto. Kaya nyingi zitaendelea kuota moto, na mtaalamu anayepuuza jambo hilo atazungumza peke yake. Ushauri wa kweli ni kuota moto katika jiko la nje au lenye tundu la juu na dirisha lililo wazi, na mtoto alazwe chumba kingine chini ya blanketi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata likiwa limeshika jivu. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka pamoja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, watolewe nje kwanza, kisha wapelekwe hospitali.

Mhudumu wa afya hahitaji kusubiri mkakati mpya ili kuanza. Maswali matatu yanatosha: mnapika kwa nini, mnapikia wapi, na usiku mnawasha nini? Majibu yaandikwe katika faili, na yaulizwe tena katika ziara inayofuata, kwa sababu jibu la mwezi wa mavuno si jibu la mwezi wa njaa. Mgonjwa naye asione aibu kusema kwamba mtungi umeisha tangu miezi miwili iliyopita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwenye kuficha moshi huwaficha madaktari chanzo cha maradhi yenyewe.

Mwaka 2034 utafika, na taarifa itaandikwa kuhusu idadi ya mitungi na majiko yaliyogawiwa. Ingefaa taarifa hiyo iwe na safu nyingine, inayojazwa na zahanati: kaya ngapi bado zinapika kwa nishati safi mwaka mmoja baada ya kununua kifaa. Safu hiyo inaweza kuanza kujazwa Hasamba mwezi huu, kwa kalamu iliyopo na daftari lililopo.