BEI KUPANDA SI MAENDELEO

Wako waungwana wanaotuambia kwamba nchi inayokua lazima bei zake zipande, na kwamba mwenye kulalamika hapendi maendeleo. Sisi hatukubali. Habari hii Tanzania tumekwisha kuiona kwa macho.

Kati ya mwaka 1980 na 1995 bei zilipanda karibu sehemu 30 katika 100 kila mwaka. Je, uchumi ulistawi? Mwanzoni mwa miaka ile viwanda vingi havikufikia hata nusu ya uwezo wake, na watu walipanga foleni kutafuta sabuni. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilituumiza, ni kweli. Lakini Serikali nayo iliziba hasara za mashirika yake kwa noti mpya. Noti ziliongezeka, magunia hayakuongezeka. Mwaka 1983 walanguzi wakakamatwa. Hatuwatetei, ila hata wangefungwa wote, noti zingebaki mikononi na sukari ingekuwa ile ile.

Nani aliumia? Si mwenye nyumba za kupangisha, wala mwenye dola zake. Aliumia karani, akaumia mstaafu, akaumia mkulima wa pamba aliyepewa stakabadhi akangoja: fedha ilipomfikia ilikwisha nguvu. Na tajiri asiyejua shilingi itanunua nini mwakani hajengi kiwanda. Hununua bidhaa akazificha. Uchumi utakuaje hapo?

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 iliifanya Benki ilinde bei kwanza, na Serikali ikajifunza kutumia ilichokusanya. Kufika 1999 bei zilikuwa zikipanda chini ya sehemu 10 katika 100, na uchumi ukaendelea kukua mwaka hata mwaka.

Lakini wakubwa wasituletee utulivu wa bandia pia. Mwaka 2011 mahindi yalikatazwa kuuzwa nje ili chakula kiwe rahisi. Desemba ile bei zilikuwa zimepanda sehemu 19.8 katika 100! Mkulima alinyimwa soko, na mtu wa mjini hakupata unafuu. Nazo hesabu za taifa zilisema uchumi umekua zaidi ya sehemu 6. Umekua kwa nani?

Tunadai mambo mawili: Serikali isizibe mapengo yake kwa noti, na kima cha chini cha mshahara kitazamwe kila mwaka, kisingoje wafanyakazi wapige kelele. Mkulima naye aachwe auze mahindi yake anakotaka.