Kenchi za baba mdogo

Wadau, nimerudi mjini na nina jambo. Likizo nilikuwa nyumbani Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, ile iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012. Baba mdogo anajenga, na siku niliyofika nilimkuta fundi anapanga msingi wa jiko la nje.

Vifaa vyake ni kamba, vigingi na futikamba. Alipima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, halafu akasogeza kigingi mpaka kamba ya kukatisha ikasoma 5 kamili. "Kona imekaa skwea," akasema. Basi! 9 na 16 ni 25, kanuni ya Pythagoras imeshafanya kazi hapo kwenye vumbi na wala hajamtaja huyo Mgiriki.

Aibu yangu ilikuja kwenye nyumba kubwa. Kuta zimesimama, upana mita 6. Baba mdogo anataka paa lililosimama hasa, nyuzi 45, kama alivyoona Mwanza. Alishanunua mbao za futi 12 za kenchi, mbao moja kila upande. Fundi akanigeukia: "Mwandishi, wewe una digrii. Hizi zitatosha?"

Jamani, nilisimama kama nguzo ya umeme. Sekondari nilikariri kwa Kiingereza kwamba moja, moja, kipeuo cha pili cha mbili. Moja, kipeuo cha pili cha tatu, mbili. Nikaandika kwenye mtihani na nikafaulu. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hizo ni kenchi!

Nikachora chini kwa kijiti. Nusu ya upana ni mita 3. Kwa nyuzi 45, kimo nacho ni mita 3, na upande ulioegama ni 3 mara 1.414, yaani mita 4.24. Futi 12 ni mita 3.66. Mbao zinapelea sentimeta 58, na bado hujatokeza nje ya ukuta hata kidogo.

Tukajaribu nyuzi 30. Hapo ulioegama ni mara mbili ya kimo, na upande wa chini ni kimo mara 1.732. Gawanya 3 kwa 1.732, kimo ni mita 1.73. Kenchi ni mara mbili yake, mita 3.46. Zinabaki sentimeta 20 za kutokeza nje. Chache, lakini paa linakaa. Fundi akanitazama, akauliza: "Kumbe ni mara mbili tu? Mimi huwa nakata ya kwanza kwa kubahatisha." Ile ya kwanza, ikikosewa, ni fedha ya mwenye nyumba.

Ndiyo maana nasema tunakosea. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari pembetatu ileile inageuka lugha asiyoielewa, na Hisabati inabaki kuwa somo linaloangusha wengi kidato cha nne. Wakati huohuo fundi anayeijua 3, 4, 5 kwa mikono yuko nje ya uzio wa shule akijenga nyumba ya mwalimu. Kwa nini asiitwe ndani hata saa moja? Kamba ya mita 12 iliyofungwa mafundo kila mita inatosha darasa zima.

Najua mtasema walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Kweli. Lakini kipindi hicho cha kukaririsha tayari kipo kwenye ratiba; mimi naomba tu kihamie uwanjani, maelezo yawe ya Kiswahili, Kiingereza kifuate mtoto akishaona kamba imesoma 5.

Baba mdogo amekubali nyuzi 30, ila shingo upande. Jana kanipigia simu: mabati yameshapanda, na bado ananung'unika kwamba paa lake limelala.